Sikio la Lari Sitini

Ushangi anauza vitu vilivyokwisha kuuzwa mara moja:
rimoti, chaja, taa za magari yaliyogongana,
na ndani ya mkebe wa biskuti, adapta za waifai
zimelaliana kama dagaa.
Theluji ya Tbilisi imekuwa tope chini ya meza yake.
"Chagua, Tamta. Zote nzima."

Mwezi jana pia zilikuwa nzima.
Nilinunua kwa kutazama jina la kwenye boksi,
lile lile walilolisifu wenzangu ofisini,
nisione herufi ndogo kama mayai ya chawa: toleo la pili.
Jina la baba, tumbo la mwingine.
Kiwandani walibadilisha chipu, bei wakaiacha,
na kile kidude kikakataa katakata kusikiliza;
kilijua kujibu tu kinapoitwa.
Nilinunua mbuzi kwenye gunia,
na gunia halikuwa na mbuzi.

Leo nimekuja na bisibisi.

"Unataka nini hasa?"
Nataka sikio, Ushangi, si mdomo.
Linyamaze, lisijiunge na yeyote,
linase kila pakiti inayokatiza hewani,
na siku nikiliambia lirushe, lirushe bila kubabaika.
Lijue masafa mawili, ya chini na ya juu,
maana Daktari Tsitsino ameweka ruta mpya
na pampu za dawa za vichanga husemezana usiku kucha
juu ya vitanda vya kioo.
Barua ya ruhusa ninayo, ina muhuri na sahihi mbili.
Bila hiyo mimi ni mdukizi tu, mwizi mwenye bisibisi.

Ananionyesha lenye antena ndefu kama ufito:
"Hili linafika hadi kwenye mnara kule mlimani!"
Sina kesi na mlima. Wodi ina mita ishirini,
na nguvu ya kupayuka si nguvu ya kusikia.
Dogo linalong'aa kama kito halina draiva
ila kwa mfumo nisioutumia.
La bluu ni la masafa ya chini peke yake.
La nne nalinusa. Limeungua. Nalirudisha.

La tano limepasuka kifuniko.
Nachokonoa; Ushangi anageuza uso
kama baba kwenye chumba cha sindano.
Kwa tochi ya simu nasoma namba mgongoni mwa chipu,
nasoma tena, tarakimu moja moja.

Ndiyo hii.
"Lari themanini."
"Kifuniko kimepasuka."
"Sitini, na usinirudishie."

Nyumbani nalifunga kwa mpira wa fungu la vitunguu,
nalichomeka. Taa haiwaki.
Kumbe iliyokufa ni taa, sikio li hai:
majina yanaporomoka kwenye kioo,
jirani wa chini, duka la dawa, kinyozi,
kisha NONNA ASSUNTA.

Hilo halitangazwi na ruta yoyote. Linaitwa.
Kila nusu dakika kuna kitu humu ndani
kinauliza: upo? upo?

Nafuata nguvu ya mawimbi, kompyuta mkononi,
kupita korido, kupita viatu,
hadi kwenye aproni iliyotundikwa nyuma ya mlango wa jikoni.
Simu kuukuu ya mama.
Miaka tisa alimwogesha bibi mmoja mjini Bari,
akimkata kucha, akitutumia karo.
Bibi akafa, nyumba ikauzwa,
mama akarudi na masanduku mawili
na hajawahi kumtaja.

Anamenya viazi. "Limefaa, hilo dude lako?"
"Linasikia."

Ninajua la kufanya, ndilo ninalowafundisha wateja:
futeni majina ya zamani kwenye simu zenu,
kwani mwizi atajiita jina hilo
na simu, kwa furaha, itamwamini.
Ni kazi ya vidole viwili.

Kesho. Baada ya hospitali.
Nalichomoa sikio; lina joto
kama mto uliolaliwa.